Tony Adams
Tony Alexander Adams (amezaliwa Romford, 10 Oktoba 1966) ni mchezaji mstaafu wa mpira wa miguu kutoka Uingereza aliyecheza kama beki wa kati. Aliichezea Arsenal pekee, kuanzia 1983 hadi alipostaafu mwaka 2002. Alikabidhiwa unahodha mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 21, akatwaa ubingwa wa ligi mara nne: 1989, 1991, 1998 na 2002. Mei 1998, dhidi ya Everton, alipokea pasi ya mchezaji mwenzake Steve Bould, akafumua shuti la mguu wa kushoto hadi wavuni. Sanamu yake nje ya uwanja wa Arsenal, Emirates, inamwonyesha amenyoosha mikono akishangilia bao hilo. Aliichezea timu ya taifa mechi 66.