Mpaka wa Mwaka 1979: Mwanga wa Urujuanimno katika Nyota Jitu Baridi

Hewa inayoizunguka dunia, na hasa ozoni iliyomo ndani yake, huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa urujuanimno isifike ardhini. Ndiyo maana gesi iliyo juu ya uso wa nyota jitu baridi haikuweza kuchunguzwa vema kabla ya zama za setilaiti. Tarehe 26 Januari 1978 ilirushwa setilaiti IUE, kazi ya pamoja ya Marekani, Uingereza na shirika la anga la Ulaya. Kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 45 tu, lakini kilidumu kazini hadi mwaka 1996.

Uso wa nyota kama Arcturus una joto la digrii 4,000 na ushei, nao hautoi mwanga wa urujuanimno wa mawimbi mafupi ila kidogo mno. Basi mistari angavu ikionekana hapo, haina budi kutoka katika gesi ya juu, yenye joto zaidi. Mstari wa magnesiamu, karibu na nanomita 280, hudokeza gesi ya digrii elfu chache. Ule wa kaboni iliyopoteza elektroni 3, karibu na nanomita 155, hudai digrii 100,000 hivi.

Mwaka 1979 Jeffrey Linsky na Bernhard Haisch walitangaza kwamba nyota jitu za manjano zilikuwa na mistari ya gesi moto, na zile nyekundu zaidi ziliikosa. Badiliko lilionekana la ghafla. Upande wa baridi ulivuma upepo mzito, wa polepole, unaoipeleka gesi ya nyota mbali angani. Wakachora mpaka.

Labda kalamu ilitangulia. Mwaka 1980 Lee Hartmann, Andrea Dupree na John Raymond walionyesha kwamba Alfa na Beta za kundi la Aquarius zina vyote viwili, kaboni moto na upepo. Zikaitwa nyota chotara. (Jina la Kiarabu la ile ya pili, Sadalsuud, lina asili moja na neno la Kiswahili suudi.)

Pigo zito zaidi lilikuja mwaka 2003. Kwa darubini ya Hubble, Thomas Ayres, Alexander Brown na Graham Harper waliikuta mistari hiyo hata katika Arcturus, tena hafifu mno, na sehemu ya mwanga wake imemezwa na gesi baridi iliyo juu yake. Walieleza kwamba gesi moto imefungwa katika mipindo mifupi ya sumaku, iliyozikwa ndani ya kromosfia.