Jinsi kompyuta inavyobashiri mmenyuko wa molekuli

KEMIA ya ukokotozi ni tawi la sayansi linalotumia hisabati na kompyuta kubainisha tabia za molekuli kabla ya mtafiti kuchanganya chochote katika maabara. Swali lake kuu ni hili: molekuli mbili za kikaboni zikikutana, je, zitamenyuka? Iwapo zitamenyuka, ni atomu ipi itakayoshambuliwa, na kwa kasi gani?

Mfano mwafaka ni naftalini, kemikali iliyotumika kwa miaka mingi katika vidonge vyeupe vya kufukuza nondo wa nguo. Molekuli yake ina atomu 10 za kaboni zilizojipanga katika pete mbili. Nane kati yazo zimeshikana na haidrojeni: nne, ziitwazo alfa, hupakana na kiungo cha pete hizo, na nne, ziitwazo beta, ziko mbali nacho. Naftalini inapomenyuka na asidi ya nitriki, alfa ndiyo hushambuliwa zaidi. Hata hivyo, hesabu za awali zilizojumlisha elektroni zote za pete zilionyesha kuwa kaboni zote ni sawa.

Kitendawili hicho kiliteguliwa mnamo 1952 na Kenichi Fukui wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, pamoja na wenzake. Walieleza kwamba zinazoamua ni zile elektroni zenye nishati ya juu kabisa, kwani ndizo rahisi kutolewa. Kwa hesabu yao, elektroni hizo zimekolea kwenye alfa zaidi ya mara mbili kuliko kwenye beta. Mwaka wa 1981, Fukui alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Roald Hoffmann wa Marekani.

Siku hizi kompyuta hukadiria pia kizingiti cha nishati ambacho molekuli sharti zivuke ili zimenyuke. Mbinu hizo zina misingi katika kazi ya Walter Kohn na John Pople, washindi wa Nobel ya 1998.

Lakini tahadhari yahitajika. Katika halijoto ya kawaida, kosa la takriban kilojuli 6 kwa moli katika kizingiti hicho hupotosha kasi inayobashiriwa kwa mara 10. Kwa mtengenezaji wa dawa, hiyo ni tofauti kati ya kemikali inayodumu mwaka mzima na inayoharibika kwa wiki chache. Ndiyo maana kompyuta hupendekeza, nayo maabara ikathibitisha.