Gumzo la Jioni: San Sebastián na Kibiti

Amani ya nchi haipimwi kwa ripoti za polisi peke yake. Hupimwa pia kwa sauti za watu wanaokula na kunywa pamoja baada ya jua kuchwa.

Anayeingia jioni katika mji wa kale wa San Sebastián, kaskazini mwa Hispania, hukuta baa ndogo ndogo zimefurika. Juu ya kaunta vimepangwa vipande vya mkate vilivyobebeshwa samaki, kamba au pweza na kuchomwa kijiti. Watu husimama bega kwa bega, hula kidogo, huzungumza sana, kisha huhamia baa ya jirani. Kwingineko Hispania vitafunio hivyo huitwa tapas. Wabaski, wenyeji wa huko, huviita pintxos. Mtu wa pwani yetu hatashangaa. Kijiti hicho anakijua kwenye meza ya muuza pweza, na gumzo hilo analijua kwenye baraza la kahawa na kashata.

Lakini gumzo la San Sebastián limepita katika damu. Tarehe 23 Januari 1995, Gregorio Ordóñez, naibu meya wa mji huo, aliuawa kwa risasi akila chakula cha mchana katika baa ya La Cepa. Wauaji walitoka ETA, kundi lililodai kwa silaha uhuru wa nchi ya Wabaski na kuua watu zaidi ya 800. Enzi hizo, mtu alipima maneno kabla ya kufungua kinywa, kwani hakujua anayesikiliza ni nani. ETA iliweka silaha chini mwaka 2011 na kujivunja mwaka 2018.

Sasa tuitazame Kibiti. Salale, kata iliyo katika mikoko ya delta ya Rufiji, inaijua vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya mto huo mwaka 1914, ikaangamizwa Julai 1915. Hiyo ilikuwa vita ya wageni wenye sare na bendera. Hofu iliyoikumba wilaya kati ya 2015 na 2017 haikuwa na sare. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja mmoja. Tarehe 13 Aprili 2017, polisi 8 waliviziwa na kuuawa Mkengeni. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Baraza huhitaji taa, jirani na kuaminiana, na hofu huviondoa vyote vitatu. Novemba 2017, mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alitoweka.

Utulivu umerejea Kibiti. Hata hivyo, utulivu na mazungumzo si kitu kimoja. Wahispania walifungua kituo cha kumbukumbu ya wahanga wa ugaidi mjini Vitoria mwaka 2021, ili mtoto wa aliyeuawa asiulize peke yake. Sisi tumewaachia wajane na yatima wa Kibiti kimya kizito, pamoja na familia zinazongoja waliotoweka.

Wanahistoria tunao wajibu wa kukusanya simulizi za pande zote mashahidi wakiwa hai, na dola ina wajibu wa kuwahakikishia usalama wanaosimulia. Siku mzee wa Salale atakapoeleza aliyoyaona, kikombe cha kahawa mkononi, bila kugeuka kutazama nani anapita, ndipo tutakaposema kwamba amani imefika.