Orodha ya Ununuzi Iliyowasimamisha Wahandisi

Haya, wapenzi wa kompyuta, leo tuweke misimbo kando kidogo tuzungumze historia. Kuna swali linalotusumbua sisi waandishi wa programu: mbona kazi nzuri, ikielezwa mbele ya watu, huwafanya wapige miayo? Jibu moja liko San Francisco, Marekani, tarehe 9 Desemba 1968.

Siku hiyo Douglas Engelbart, mtafiti wa Stanford Research Institute, alikaa jukwaani mbele ya wataalamu wa kompyuta wapatao 1,000. Alikuwa na dakika 90. Kumbuka hali ya enzi hizo: mwandishi wa programu alitoboa kadi, akamkabidhi mhudumu wa mashine, kisha akasubiri saa kadhaa, pengine hadi kesho yake, apate majibu kwenye karatasi. Kwa wengi, kompyuta ilikuwa mashine ya kupiga hesabu, basi. Aliyesema itamsaidia mtu kuandika na kupanga mawazo yake alionekana anaota mchana.

Isitoshe, kompyuta yenyewe haikuwa ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, umbali wa takriban kilomita 50, na picha zilirushwa kwa mawimbi ya redio. Mitambo ingegoma, angeaibika mbele ya wenzake, na wafadhili wake, ARPA na NASA wakiwemo, wangeuliza pesa zao zimeenda wapi.

Sasa tazama alivyoanza. Hakuanza na kasi ya mashine wala ukubwa wa kumbukumbu. Aliwaomba wasikilizaji wafikirie mtu anayefanya kazi ya akili ofisini, mwenye skrini mbele yake na kompyuta inayomhudumia mchana kutwa na kumjibu papo hapo. Mtu huyo angepata faida kiasi gani? Kwa swali hilo, kila aliyeketi pale akawa ndiye mtu mwenyewe. Hiyo ndiyo fremu: dirisha unalompa msikilizaji alitazamie jambo kabla hujamwonyesha jambo lenyewe.

Kisha akafungua orodha ya vitu vya kununua dukani, ndizi zikiwemo! Akaipanga kwa makundi, akaikunja na kuikunjua, kisha akachora ramani ya njia ya kurudi nyumbani yenye vituo vya kupitia. Wengi ukumbini walikuwa hawajawahi kuona kipanya, wala maandishi yanayobofywa yakakupeleka kwingine. Lakini nani asiyejua kutumwa dukani? Kwa kuwa orodha haikuhitaji maelezo, macho yote yalibaki kwenye kile ambacho mashine ilikuwa inafanya. Baadaye mwenzake aliyekuwa Menlo Park akatokea kwenye skrini, uso na sauti, wakafanya kazi pamoja kwenye maandishi yale yale. Mwishoni ukumbi ulisimama na kumpigia makofi.

Lakini hadithi ina upande wa pili. Lengo kuu la Engelbart halikuwa kipanya. Alitaka makundi ya watu yatumie kompyuta kufikiri pamoja na kutatua matatizo makubwa ya dunia. Katika miaka ya 1970 baadhi ya wenzake walihamia Xerox PARC, ufadhili ukapungua, na mwaka 1977 mfumo wake ukauzwa kwa kampuni ya Tymshare. Macintosh ilipotoka mwaka 1984 ilikuwa na kipanya, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mezani pake. Engelbart alifariki mwaka 2013, na hadi leo wengi humtaja kama yule aliyebuni kipanya.

Kwa maoni yangu, hapa kuna funzo kwa yeyote anayejiandaa kuonyesha programu yake. Fremu hufungua mlango, lakini haimfikishi mgeni chumba cha ndani. Msikilizaji hubeba kinachotoshea mkononi mwake. Kwa hiyo, kabla hujapanga slaidi zako, jiulize maswali mawili: ni kitu gani cha maisha yao ya kila siku nitakachoanza nacho? Na wakisahau mengine yote, ni kipi nataka waondoke nacho? Engelbart alilijibu la kwanza kuliko karibu mtu yeyote. La pili lilimsumbua maisha yake yote.

Je, wewe huanza na nini, na mashine au na mtu?