Kengeleni Kabla ya Kuwa Steji

Kila Jumamosi alasiri tunapokuja mazoezini, wengi wetu hushukia Kengeleni. Makanga huliita jina hilo kutwa nzima, na kengele yenyewe ipo pale pale kando ya barabara, inapitwa na tuktuk na bodaboda. Vijana wa sauti ya tatu wameniuliza zaidi ya mara moja kama ilikuwa ya shule.

Haikuwa ya shule. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zilipoyakamata majahazi, waliookolewa hawakuwa na pa kurudi. Wengi walikuwa wametekwa wangali watoto, mbali huko upande wa Ziwa Nyasa. Ndipo Church Missionary Society, kwa mkono wa William Salter Price, ikapata ardhi hapa Kisauni na kuanzisha kijiji mwaka 1875. Kikaitwa Frere Town, kwa heshima ya Sir Bartle Frere. Kengele ilitundikwa ili kutoa tahadhari: ikilia, watu wajue wateka watumwa wanakuja.

Waliokaa humo walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, shambani na kanisani Emmanuel. Walimu wao wengi walikuwa Waafrika wenzao, waliokombolewa zamani wakalelewa Nasik, Bara Hindi. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huo huo Hannington aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani. Jina la askofu tunalijua sote. La Jones sijalisikia likitajwa mimbarini hata mara moja.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo hatupendi kuisimulia. Mkataba ulifunga bahari, haukufuta utumwa wenyewe. Huo ulidumu hapa pwani hadi 1907. Aliyeokolewa jahazini alipokewa Frere Town. Aliyetoroka shamba la bwana wake hapa hapa Mombasa bado alihesabiwa mali ya mtu. Mwaka 1880 wenye watumwa walitishia kukivamia kijiji, na wamishenari wakaagizwa wasiwapokee watoro. Kwa hiyo kengele ile ile iliyowalinda wengine haikulia kwa ajili ya hao.

Watoro wakaenda Rabai. Huko walijenga, wakalima, wakabatizwa, wakakaa kimya. Mkumbuke safari yetu ya kwenda kuimba katika kanisa la Mtakatifu Paulo, Rabai, lililojengwa mwaka 1887. Siku zile, miongoni mwa walioketi ibadani walikuwamo watu ambao bwana wao angeweza kuja Jumatatu kuwadai. Mwaka uliofuata mambo yakafichuka, na wenye watumwa wakaja juu. George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyoshika pwani wakati huo, akakubali kuwalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 wa Rabai na vituo vingine vya misheni wakapewa hati za uhuru. Waliolipwa ni mabwana, si wao. Hilo nalo tuliandike.

Mama aliyenifundisha kuimba, wa sauti ya pili, alikuwa wa ukoo wa watu wa misheni. Ukimwuliza kwao ni wapi, alijibu haraka: Kisauni. Ukimwuliza, na kabla ya Kisauni, mama? Alicheka kidogo, akagonga benchi kwa kidole, akatwambia tuanze tena ubeti wa kwanza.