Tuhuma Isiyohukumiwa: Seyyid Khalid bin Barghash na Kifo cha Mwaka 1896

Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Seyyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa tano wa Unguja, alifariki ghafla. Alizikwa siku ile ile. Kabla jua halijatua, mwana wa ami yake, Seyyid Khalid bin Barghash, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikwisha kuingia jumbani, kujitangaza Sultani na kupigiwa mizinga ya heshima. Hapo ndipo ulipoenea uvumi kwamba Hamad alitiliwa sumu, na kwamba Khalid ndiye aliyehusika. Uvumi huo ulitoka barazani ukaingia vitabuni, na mara nyingine husimuliwa kana kwamba ni jambo lililothibitishwa. Makala haya hayakusudii kumtakasa Khalid wala kumtia hatiani. Yanakusudia kuonyesha jinsi tuhuma ya kumuua jamaa ilivyopata nguvu bila ya kufikishwa mbele ya kadhi wala hakimu, na kazi iliyofanya katika kuielezea vita iliyofuata.

Yafaa kwanza kuuliza kwa nini uvumi huo uliaminika upesi. Sababu moja ni mwenendo wa Khalid mwenyewe. Mwaka 1893, alipofariki Seyyid Ali bin Said, Khalid alijaribu kulitwaa jumba la kifalme, akaondolewa kwa shinikizo la Waingereza, naye Hamad akatawazwa. Sababu ya pili, iliyo nzito zaidi, ni historia ya ukoo wenyewe. Katika ukoo wa Al Busaid hapakuwa na kanuni imara ya kumrithisha mtoto wa kwanza. Kiti kilikuwa cha yule aliyeweza kukishika na kukubaliwa. Mwaka 1806 Seyyid Said bin Sultan alimuua jamaa yake, Badr bin Seif, ndipo akashika mamlaka ya Oman. Mwaka 1859 Barghash, baba yake Khalid, aliasi dhidi ya nduguye Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay. Na mwaka 1866 huko Sohar, Seyyid Thuwaini aliuawa, na mwanawe Salim akatuhumiwa kwa damu yake. Salim alitawala hadi mwaka 1868, akapinduliwa na Azzan bin Qais, akaishia ugenini na kufia Bara Hindi. Thuwaini huyo ndiye baba yake Hamad. Kwa hiyo watu walioambiwa mwaka 1896 kwamba Hamad ameuawa na jamaa yake walisikia kisa walichokwisha kukizoea.

Hata hivyo, mazoea si ushahidi. Kuzikwa siku ile ile ni desturi ya Waislamu, wala hakuonyeshi kwamba kulikuwa na jambo la kufichwa. Kuwahi jumbani nako kunathibitisha tamaa ya ufalme, hakuthibitishi sumu.

Aidha, ugomvi wa Waingereza na Khalid haukuhitaji sumu. Mkataba wa mwaka 1890 uliifanya Unguja nchi chini ya himaya ya Uingereza, na kutawazwa kwa Sultani kulihitaji idhini ya Balozi wa Uingereza. Khalid hakuwa na idhini hiyo. Basil Cave na Lloyd Mathews walimwonya. Admirali Harry Rawson akampa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti. Muda ulipopita, manowari za Uingereza zilifyatua mizinga kwa dakika zisizozidi arubaini na tano. Watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa upande wa jumbani, na wengi wa waliokuwamo walikuwa raia wa kawaida, watumishi na watumwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Siku hiyo hiyo Seyyid Hamoud bin Muhammed alitawazwa.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani pamoja na wafuasi wake wachache. Waingereza walitaka wakabidhiwe mtu wao. Wajerumani walikataa, wakishikilia kwamba mkataba wa kurudishiana wahalifu haukuwahusu wakimbizi wa kisiasa. Tarehe 2 Oktoba 1896, maji ya bahari yalipojaa hadi kwenye uwanja wa ubalozi, alipandishwa mashua ya manowari Seeadler bila ya kukanyaga ardhi ya Unguja, akachukuliwa Dar es Salaam. Huko aliishi hadi alipokamatwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1916. Alipelekwa Shelisheli na Saint Helena, kisha akaruhusiwa kurejea Afrika ya Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Katika miaka hiyo 31, ambayo zaidi ya kumi kati yake aliishi akiwa chini ya mamlaka ya Waingereza, hakushitakiwa kwa kifo cha Hamad. Aliadhibiwa kama mshindani wa kisiasa.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapokuwa na wajibu sawa na wa mwanahistoria. Kiswahili kina njia nyingi za kupima uzito wa habari: inasemekana, alidhaniwa, alituhumiwa, alishitakiwa, alihukumiwa, alimuua. Kila kitenzi kina masharti yake, na mwandishi anayeruka kutoka "alituhumiwa" hadi "alimuua" ametoa hukumu ambayo hakimu hakuitoa. Kuruka huko kuna matokeo. Msomaji akiisha kuamini kwamba jumbani mlikuwa na muuaji, mizinga ya tarehe 27 Agosti huonekana kama adhabu ya jinai, na mkataba wa mwaka 1890 husahaulika. Kifo kimoja ambacho chanzo chake hakikuthibitishwa huitwa mauaji, ilhali vifo vya mamia ya watu, vinavyojulikana vilisababishwa na nani na kwa amri ya nani, huitwa vita tu. Historia ya Unguja itakayoandikwa kwa Kiswahili haina budi kuyapima maneno hayo mawili kwa mizani moja.