Govi Lililobana

Govi lililobana, ambalo matabibu huliita *fimosisi*, ni hali ya ngozi ifunikayo kichwa cha dhakari kutoweza kuvutwa nyuma. Kwa mtoto mchanga haya si maradhi, maana ngozi hiyo huzaliwa imegandamana na kichwa, ikaachana nacho taratibu kwa kadiri ya umri; Jakob Øster, aliyewachunguza wavulana wa shule nchini Denmark, alibainisha mwaka 1968 kwamba wafikapo miaka 16 na 17 ni takriban 1 tu katika 100 aliyesalia na hali hiyo. Kwa hiyo kumvuta mtoto govi kwa nguvu, kama wafanyavyo baadhi ya walezi wenye nia njema, ni kumdhuru, kwani ngozi ikichanika hupona kwa kovu, na kovu ndilo libanalo kwelikweli.

Maradhi halisi hutokana aghalabu na uvimbe wa mara kwa mara, ama na ugonjwa wa ngozi ambao huifanya ncha ya govi iwe nyeupe na ngumu. Mgonjwa huumia dhakari isimamapo, na mkojo hutoka kwa shida. Tiba ya kwanza ni malhamu ya betamethasoni, ipakwayo mara 2 kila siku kwa wiki 4 hadi 8, pamoja na kuinyoosha ngozi polepole. Isipofaa, au kovu likiwa gumu, hufanywa tohara. Govi lililovutwa nyuma likakwama huko, likakibana kichwa hata kikavimba, ni dharura ya kupelekwa hospitali saa ile ile.